Bugali wa Watu Tisa

"Unakosa nini, hasa?"

Mama mwenye nyumba aliniuliza swali hilo jioni moja ya mwezi wa kumi. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi ya chumba nilichopanga kwake, mtaa wa Bel-Air, uso umevimba kwa kulia, naye alikuwa amekaa uani akichekecha unga. Hakuuliza kwa huruma. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua ufunguo uliopotea ni wa rangi gani, ili akusaidie kuutafuta.

Nilikuwa na wiki tatu Lubumbashi, mwaka wa kwanza wa famasia. Nyumbani nilijulikana kwa kuuliza maswali mpaka watu wananiomba ninyamaze. Nilimuuliza katekista wetu Kaini alioa nani. Nilimuuliza baba kwa nini bei ya msumari inapanda siku ambayo dola haijapanda. Sasa nilikuwa nimeulizwa swali moja tu, la maneno matatu, na nilishindwa.

"Nakosa kwetu," nikasema.

"Kwenu njo nini? Kwenu iko nyumba, iko bantu, iko chakula, iko hewa. Unakosa gani?"

"Vyote."

"Aa, mama. Vyote haiko jibu."

Akaendelea kuchekecha. Alikuwa Mluba wa Kasai, mjane, muuzaji wa vitenge, na mambo ya kutamani nyumbani aliyajua kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye. Neno "kwetu" halikukauka mdomoni mwake. Kwetu Kasai udongo ni mweupe kama chumvi. Kwetu Kasai nanasi halihitaji kisu. Kwetu mto ni mpana hivi kwamba mtu wa ng'ambo humtambui kwa sura, unamtambua kwa mwendo. Na kila Jumamosi alipika ugali wa kwao, ambao kwao huitwa nshima: unga wa mahindi kwanza, kisha wa muhogo juu yake, kisha anausonga kwa mikono miwili huku akiwasema watu wa Lubumbashi, ambao kwa maoni yake hula bukari, ugali wao wa mahindi matupu, kama wagonjwa waliotoka kuchomwa sindano.

"Na weye unakulaka ile bukari katikati ya juma," binti yake alimwambia. Alikuwa wa rika langu, mshonaji, na hakuwa na subira na Kasai.

"Katikati ya juma niko mugeni," mama alimjibu. "Jumamosi niko kwetu."

Nilimwonea wivu. Alikuwa anakosa kitu kamili, chenye rangi na kipimo. Mimi nilikuwa nalia tu.

Jambo lenyewe halikuwa dogo. Mjini kati kulikuwa na mfanyabiashara wa jumla, mtu wa Butembo kama mimi, rafiki wa baba yangu. Ndiye aliyenipokea uwanja wa ndege na kunitafutia chumba. Nilipoenda kwake Jumapili, macho mekundu, alinikalisha juu ya gunia la sukari ndani ya depo, ghala lake, na kuniambia kwa Kinande, lugha ya kwetu, bila kuzunguka:

"Mke wangu anarudi Butembo mwisho wa mwezi ujao, mdogo wake anaolewa. Ukitaka, utakwenda naye. Mimi sitakucheka. Lakini ukienda, mwaka umekwenda, na unajua nyuma yako kuna wadogo wangapi wanaongoja zamu ya chuo. Baba yako hatakutuma mara ya pili."

"Nikupe jibu lini, papa?" nikamuuliza, maana wanaume wa umri wa baba tunawaita hivyo.

"Jumapili ya mwisho kabla hajasafiri. Fikiri vizuri. Kufikiri si ndiyo kazi uliyokuja kufanya?"

Kwa hiyo nilifikiri. Niliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari la kemia vitu vyote ambavyo huenda nilikuwa navikosa, nikaamua kuvipima kimoja kimoja, kama tulivyofundishwa: ukibadilisha kitu kimoja, vingine uviache vilivyo.

Cha kwanza kilikuwa baridi. Butembo iko juu milimani, asubuhi ukungu unaingia mpaka jikoni, na mimi nilikuwa nimeshushwa kwenye joto la Lubumbashi la mwezi wa kumi, mvua bado, vumbi jekundu hadi ndani ya masikio. Nikaenda duka kubwa la mjini lenye majokofu marefu, nikasimama mbele ya maziwa. Nilisimama muda mrefu. Vidole viliingia ganzi. Mlinzi akaja.

"Yaya," akasema, kama wanavyomwita dada hapa, "unatafuta nini?"

"Baridi tu."

"Baridi hatuuzishe," akasema, akanionyesha mlango kwa adabu.

Nilitoka nikiwa na baridi na huzuni pamoja. Nikafuta mstari wa kwanza.

Cha pili kilikuwa lugha. Nilikwenda depo siku ya kushusha mizigo, kila mtu akipiga kelele kwa Kinande, nikakaa kusikiliza matusi ya nyumbani. Nililia kuliko siku zote, mpaka wapakuaji wakaanza kushusha katoni polepole, wakidhani kuna msiba. Nikafuta. Cha tatu kilikuwa sauti ya mama yangu. Nilimpigia simu, akaniambia kila mtu ni mzima, nikasikia nyuma yake vyungu na wadogo zangu wakigombea kiti. Alipokata, chumba changu kilikuwa kimya zaidi ya awali. Nikafuta hicho pia.

Mwezi wa kumi na moja ulipoingia, orodha yote ilikuwa imefutwa. Nikatoa hitimisho nililoliona ni la kisayansi kabisa: kama si hiki wala kile, basi ninachokikosa hakina jina, na kisicho na jina hakina dawa. Nilishusha begi kutoka juu ya kabati. Sikupanga nguo bado. Nililiacha tu sakafuni, mdomo wazi.

Jumamosi iliyofuata mama mwenye nyumba alitoka chumbani akiwa ameushika mkono wake wa kulia.

"Niliinua furushi ya bitenge vibaya," akasema. "Leo siwezi kusonga. Utapika weye."

"Mimi? Sijui nshima, mama."

"Nani amesema nshima? Pika ya kwenu."

Nikampa sababu zangu, na nilikuwa nazo nyingi. Maharage ya soko la hapa si yale ya kwetu. Unga wa muhogo wa hapa una rangi nyingine. Kwetu tunapikia kuni, hapa kuna mbabula, lile jiko lao la makala, yaani mkaa. Chakula cha kwetu hakiwezi kupikwa nje ya kwetu, nikasema, hicho kitakuwa kitu kingine.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Makala iko pale."

Niliweka maharage mapema mchana, viazi baadaye. Kama saa kumi na moja niliteka maji, nikayaweka motoni kwa ajili ya bugali, ugali wa kwetu wa muhogo. Hapo sikufikiri chochote. Mkono ulichukua sufuria kubwa kuliko zote, ukajaza maji mpaka pale unapojua, ukachota unga mara ile unayojua. Nilifunga kitenge kiunoni, nikaibana sufuria kwa miguu, nikaanza kusonga. Bugali wa muhogo ni mzito, usipouwahi, unakushinda. Jasho lilitoka, moshi ukaniingia machoni, mara mbili nilimfokea binti wa nyumba aniongezee maji, kama ninavyowafokea wadogo zangu.

Nilipoinua kichwa, yeye na mama yake walikuwa wamesimama wakiitazama sufuria.

"We mutu ya baridi," binti akasema, "unapikia chuo muzima?"

Niliitazama na mimi. Ulikuwa mlima. Sisi uani tulikuwa watatu, na mimi nilikuwa nimepika wa watu tisa, kwa sababu nyumbani tuko tisa, na tangu niwe na miaka kumi na mbili bugali wa jioni nausonga mimi. Mkono wangu haujui kipimo kingine.

Nilitaka kulia kwa aibu. Mama mwenye nyumba alikuwa amekwishamgeukia binti yake. "Enda uite bantu. Anza na yule mzee wa reli, mbele ya usingizi kumukamata."

Walikuja. Mzee wa reli, mstaafu wa nyumba ya jirani, alikuja na uma wake mwenyewe mfukoni. Mke na mume wa nyuma ya ukuta walikuja na watoto wao. Mzee alichukua tonge, akalivuta, likavutika.

"Hii iko bukari ao gundi?"

"Njo bugali ya kwetu, papa," nikasema. "Haitafunwi. Unameza."

"Nikikwama utalipa mazishi?"

"Kula na maharage, utateremka."

Alikula, akaomba tena. Mke wa nyuma ya ukuta alisema maharage yanataka pilipili, mumewe akasema hayataki kitu, wakabishana mpaka sahani zao zikawa tupu. Mimi nilikuwa nazunguka na mwiko, nikimwongezea huyu, nikimkatalia yule mtoto aliyetaka ukoko peke yake. Nilicheka jambo fulani, sikumbuki lipi. Kisha nikashtuka kwamba saa kumi na mbili imepita. Tangu nifike Lubumbashi, saa kumi na moja ndiyo ilikuwa saa yangu ya kulia. Ilikuwa imenipita bila kuniona.

Ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimesahau kuandika kwenye orodha. Niliandika vyote nilivyopewa na nyumbani: baridi, lugha, sauti. Sikuandika nilichokuwa nawapa. Kila siku saa kumi na moja kulikuwa na watu wanane wasioweza kula mpaka nimalize, na hapa Lubumbashi hakuna aliyekuwa ananingoja.

Lakini sikuamini upesi. Jioni ile ile mvua ya kwanza ilinyesha, joto likavunjika, na mtu mwenye akili lazima ajiulize: ni bugali, au ni mvua? Nilikuwa nimebadilisha vitu viwili kwa siku moja. Maabara wangenipa sifuri. Kwa hiyo Jumamosi iliyofuata nilimwomba mama nipike tena, nikamweleza kwamba ni jaribio.

"Jaribu," akasema. "Mukono bado inaniuma."

Ule mkono mpaka leo sijui. Jumatatu nilikuwa nimemwona akirusha furushi la vitenge juu ya teksi.

Jumamosi ya pili haikunyesha. Matokeo yalikuwa yale yale. Ya tatu, mzee wa reli alifika na uma wake kabla makala hayajashika.

Nilimpigia mama yangu nikamsimulia.

"Na mimi huku bado naupika wa tisa," akasema. "Tumebaki wanane, mwingine unalala mpaka asubuhi. Mpaka jana ndugu zako wamenisema." Akacheka, na mimi nikacheka, na safari hii simu ilipokatika niliweza kufungua kitabu.

Jumapili ya mwisho nilikwenda mjini, depo. Mke wa papa alikuwa tayari anafunga zawadi za harusi.

"Haya," papa akasema. "Unakwenda au unabaki?"

"Nabaki."

"Kwa hiyo umepona?"

"Sijui, papa. Bado ninapakosa nyumbani. Ila Jumamosi kuna watu wanaokuja kula."

Alicheka mpaka akashika tumbo. "Hilo ni jibu la mtu wa Butembo. Wateja wakiwa mlangoni, duka halifungwi!"

Nilirudi Bel-Air nikalipandisha begi juu ya kabati. Siku nyingine za huzuni zilikuja, hasa wakati wa sikukuu, na wiki moja habari za nyumbani zilipokuwa mbaya sikulala vizuri. Mwaka wa kwanza niliupita, si kwa kishindo. Jumamosi tuligawana: moja nshima ya mama, moja bugali wangu, na kila mmoja alimwambia mwenzake kwamba chakula chake si chakula.

Nilikuwa mwaka wa nne binti yake alipoolewa Ndola, ng'ambo ya mpaka. Alipojifungua, mama alitaka kwenda kumwona mjukuu, akahitaji pasipoti. Miwani yake ilikuwa imevunjika, kwa hiyo nilikaa naye uani, yeye akichekecha unga, nikamjazia fomu. Jina, tarehe, kazi. Nilipofika kwenye mahali pa kuzaliwa nilianza kuandika Kasai bila kumuuliza, mimi ninayeuliza kila kitu.

"Unaandika nini pale?" akasema.

"Mahali ulipozaliwa, mama. Ni kijiji gani?"

"Kijiji gani? Andika Lubumbashi. Na mama yangu vilevile, alizaliwa hapa hapa."

Niliinua kalamu. Nikamuuliza mara ya mwisho alifika Kasai lini, kwenye ule udongo mweupe.

"Mi?" akasema, akiendelea kuchekecha. "Mi sijafikaka."