Walisema wazazi wa Ng'ambo hawana mwamko, na tofali za darasa zimeshachomwa

Wakuu, poleni na majukumu.

Hili nililiona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Ni la zamani, lakini mpaka leo nikisikia mtu anasema "wananchi hawana mwamko wa elimu" damu inanichemka.

Ilikuwa miaka ya tisini. Soko huria limeshashika, mitumba imejaa Mazwi pale Sumbawanga mjini, mbolea haina tena ruzuku, na miradi inapishana barabarani. Mimi nilikuwa mwalimu wa cheti, daraja la tatu A, kijana tu, shule moja ya msingi huko vijijini, mbele ya Mpui. Jina la kijiji naliacha, watu bado wapo.

(Mnaodhani Sumbawanga ni habari za radi na uchawi tu, tafuteni uzi mwingine. Hapa tunaongelea shule.)

Shule ilikuwa upande mmoja wa bonde. Upande wa pili kuna kitongoji tulichokiita Ng'ambo, wamechanganyika Wafipa wenyeji na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao.

Kiangazi watoto wa Ng'ambo walikuja vizuri. Mvua zikianza, kile kijito cha bondeni kinakuwa mto.

Masika moja, Holo, binti wa Mzee Masanja, darasa la kwanza, alisombwa na maji akija shule. Mama mmoja aliyekuwa chini kidogo akamdaka gauni. Alipona, ila wazazi wote wakawazuia wadogo wasivuke tena.

Nikaenda kuongea nao. Mama Sikazwe, mjumbe wa kamati ya shule, Mfipa wa hapohapo, akanijibu taratibu: "Mwalimu, shule tunaitaka. Lakini huyu mtoto nikishamzika, utamsomesha wapi?"



Na hawakukaa kulalamika. Kiangazi kilichofuata Wafipa wakafyatua tofali, Wasukuma wakatoa mikokoteni ya ng'ombe kusomba kuni na maji. Hawa ni watu waliokuwa wanapelekana barazani kila siku kwa sababu ng'ombe wameingia kwenye maharage ya mtu. Sasa wanawasha tanuru moja.

Walitaka shule shikizi, wale wadogo wasome hukohuko mpaka wapate kimo cha kuvuka. Walichokosa ni bati na mwalimu. Basi.

Masika yakarudi, na ndipo wakaja wataalamu wa mradi fulani. Kazi yao, walisema, ni kubaini mahitaji ya elimu vijijini.

Nilifurahi sana wakuu. Nikajiandaa kuwavusha wakaone tanuru.

Hawakuvuka. Kiongozi wao aliangalia lile tope, akaangalia viatu vyake, akasema wazazi ndio waje shuleni. Wakaja. Wamelowa mpaka kiunoni, Mzee Masanja na Mama Sikazwe wakiwemo, wakakaa kwenye madawati wanatetemeka na baridi ile ya Ufipa mnayoijua.

Swali la kwanza: "Kwa nini wazazi wa huku hampeleki watoto shule?"

Mzee Masanja akasimama. "Mtaalamu, mtoto wangu alibebwa na maji. Tofali tumeshachoma. Tunaomba bati na mwalimu."

"Mzee, mambo ya majengo tutayafikia. Sasa hivi tunataka mtazamo wenu kuhusu elimu."

Mama Sikazwe akaomba awapeleke wakazione hizo tofali. Akaambiwa muda hautoshi.

"Sasa mmekuja kuona nini?" akauliza.

Nikajaribu kueleza mimi. Yule kiongozi akaniambia nisiwalishe wananchi maneno. Nikakaa.

Baadaye tukaitwa Sumbawanga mjini kusomewa ripoti. Tatizo kubwa la kijiji chetu: wazazi hawana mwamko. Dawa yake: semina.

Semina yenyewe ikawekwa wakati watu wanavuna ulezi. Mzee Masanja akavalishwa fulana, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki, akafundishwa faida za kusomesha mtoto. Namtazama tu, mikono imebabuka kwa moto wa tanuru.

Aliporudi hakungoja mtu. Wakajenga kiangazi kilekile, wakaezeka kwa nyasi. Mwalimu mkuu akakubali mvua zikianza nihamie Ng'ambo, nao wakanijengea chumba pembeni ya darasa.

Kabla ya mvua, bonde likiwa kavu na gari linapita, mradi wakarudi. Safari hii walivuka. Wakapiga picha darasa, wakasimika kibao kikubwa cha bati mbele yake: MATOKEO YA SEMINA YA MWAMKO.

Naapa.

Mama Sikazwe akaombwa atoe neno la shukrani. Akasema, "Kibao tumekiona. Na bati za kuezekea?"

Yule kiongozi akasema amelichukua. Amelichukua mpaka leo.

Masika yakaingia, Holo na wenzake wakasoma bila kuvuka maji. Nilikuwa na watoto wanaoongea Kifipa, wengine Kisukuma, Kiswahili tukakutana njiani. Ila nyasi zilivuja, watoto wa mbele wakawa wanalowa.

Asubuhi moja nikamkuta Mzee Masanja juu ya paa na nyundo. Amekwishang'oa kile kibao, anakipigilia pale palipovuja, maandishi yakiangalia chini.

Nikamwambia, "Mzee, wakirudi je?"

"Waingie ndani, wainue macho, watakisoma."

Wakuu, mnaofanya kazi hizi za field: ukifika kijijini usianze na wamekosa nini vichwani. Uliza wana nini na wameshafanya nini, halafu vua viatu uvuke ukaone.

Nyie wa miradi, na nyie mliosomea shule shikizi, leteni ya kwenu. Na kama kuna anayetaka kuwatetea wale wataalamu, karibu pia, leo nina muda.