Mabango ya Baba na Madaftari ya Darasa la Tano

Harufu ya unga unaochemshwa hadi uwe gundi hunirudisha Bonga, kijijini Babati, nyumbani kwa baba, hata sasa nikiwa na wajukuu. Wiki iliyopita niliipika gundi hiyo ili nibandike upya bango moja la sinema lililoachia mahali lilipoungwa zamani. Jumapili nikawaalika vijana wa kwaya yetu waje waone mabango yangu yote. Walikuja, sikatai. Walikunywa soda zangu, wakajipiga picha na mabango wakiwa wameyashika kichwa chini miguu juu, halafu mmoja akaniuliza, "Sasa bibi, haya unayatunza ya nini?" Nilikasirika. Nikaanza kumweleza habari za wino na aina za karatasi, yeye anapiga miayo, na katikati ya maelezo nikajisikia nikiongea kwa sauti ya baba yangu. Hapo nikakasirika zaidi, maana sauti ile naijua, ndiyo iliyotufukuza sisi watoto wake mbele ya mabango haya haya.

Kabla sijazaliwa, baba alifanya kazi kwenye nyumba moja ya sinema kule Arusha. Aliporudi Babati kulima mahindi na maharage, alikuja na sanduku la bati lililojaa mabango: watu juu ya farasi, wanawake wenye magauni ya kung'aa, majambazi, na lile nililolipenda kuliko yote, treni inayowaka moto huku dada mmoja akilia dirishani. Hiyo ilikuwa miaka ya themanini, madukani hamna kitu. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na unga tuliokula ulikuwa wa yale mahindi ya njano ya msaada. Kwetu sisi watoto, rangi zote zilizobaki duniani zilikuwa ndani ya sanduku la baba.

Kila Jumapili tukitoka kanisani, alituketisha mimi na kaka yangu Paskali. Tulinawa mikono mara mbili, mama akinung'unikia sabuni yake, ndipo baba akunjue bango moja, taratibu, kana kwamba linaweza kuamka. "Martina, shika pembeni. Tazameni kivuli cha hii kofia. Hii ni kazi ya mkono wa mtu." Alitamani mmoja wetu ayapende ili amwachie sanduku, na hakuficha. "Nikifa, nani atayajali haya?" alikuwa akituuliza. Sisi tulichotaka ni hadithi tu. Kwa nini treni inawaka? Yule dada analilia nini?

"Baba, halafu ikawaje?" Paskali aliuliza kila mara.

"Hilo siyo la maana. Angalia rangi."

Basi tuliangalia rangi. Jumapili hii rangi, Jumapili ijayo rangi, makande yananukia jikoni na matumbo yananguruma. Nilimwona baba mchoyo, na nilimchukia kidogo.

Nilipofika darasa la tano, mwalimu alitangaza kuwa asiyeweka jalada kwenye madaftari yake asiingie darasani. Jalada tulipate wapi? Magazeti yalikuwa ya kubahatisha, na mfuko mtupu wa saruji uligombewa na mtaa mzima. Siku moja baba akiwa shambani Singe, nilifungua sanduku, nikachukua mkasi wa mama, nikaikata treni vipande viwili.

Darasa zima lilinizunguka. "Martina, hii treni imefanyaje?" Sikujua, nikatunga. Nikasema ilikuwa imebeba sukari ya Babati nzima, majambazi wakaichoma moto, na yule dada analilia chai. Kesho yake wenzangu walitaka na wao. Nikakata farasi, nikakata magauni. Ndani ya wiki mbili watoto walikuwa wakibadilishana, farasi kwa jambazi, na kila bango lina hadithi yake. Wavulana waliokuwa hawanawi hata uso walijifuta mikono kwenye kaptula kabla ya kugusa. Hakuna aliyewafundisha.

Kisha ukafika mkutano wa wazazi. Baba aliingia darasani, akaikuta treni yake juu ya rundo la madaftari mezani kwa mwalimu. Alipekua daftari moja baada ya jingine. Nyumbani hakunichapa.

"Umenikata mimi," alisema.

Paskali alijaribu kunitetea. "Lakini baba, shule nzima wanayapenda! Wote wanajua treni ilikuwa imebeba sukari."

Baba alimtazama, kisha akanidai madaftari yangu, akayavua majalada na kulifunga sanduku kwa kufuli. Jumapili za mabango zikaisha. Nilikasirika, na hasira ile niliilea miaka mingi. Alikuwa ametafuta watoto wawili wa kupenda mabango yake, nikamletea darasa zima, naye akaona mkasi tu.

Baada ya mazishi yake mama alinikabidhi ufunguo wa sanduku. Nikamuuliza kama baba aliwahi kumsimulia ile sinema ya treni.

"Angeijulia wapi?" mama alisema. "Baba Paskali hakuingia mle ndani hata siku moja. Sinema ikianza, yeye yuko mitaani na ndoo ya gundi, anabandika mabango ya wiki inayofuata."

Treni niliikuta chini kabisa ya sanduku, vipande viwili vimeunganishwa kwa gundi ya unga, tena unga wenyewe wa wakati ule wa njaa. Nyuma yake, kwa penseli na kwa mwandiko wake wa taabu, baba alikuwa ameandika: Ilikuwa imebeba sukari.

Mpaka leo roho inaniuma. Angesema tu kwamba hajui, tungekaa naye hadi jioni tukitunga wote watatu. Na mimi nimemchosha kijana wa watu kwa habari za wino, wakati sinema zile sijaona hata moja.