Bati Moja, Jenereta Mbili

Wenye ukurasa, naomba mfiche jina langu na la mume wangu, maana Kasulu ni ndogo na gazeti lenu hata likichelewa kufika linasomwa duka kwa duka. Nina miaka ishirini na saba, mama wa mtoto mmoja, kwetu Kitanga. Nimeolewa mke wa pili na mfanyabiashara wa hapa mjini. Sina shida na kuwa mke wa pili. Shida yangu ni umeme, na msicheke, someni kwanza.

Mume wangu ni mtu wa haki. Watu wote wanamsifu kwa hilo, hata mimi nilikuwa namsifu. Alijenga nyumba moja ndefu akaigawa kwa ukuta katikati, upande ule bi mkubwa, upande huu mimi. Akinunua sufuria ni mbili. Khanga doti mbili, rangi ileile. Hata jenereta alinunua mbili, kila mke na yake, asije mmoja akasema mwenzangu ana mwanga na mimi niko gizani. Zikiwashwa zote kwa pamoja hatusikilizani.

Upande wa bi mkubwa kuna vyumba vya mbele ambavyo shirika moja la kuhudumia wakimbizi limepanga ofisi. Wana simu ya setilaiti, na kompyuta yao inapokea barua kwa haya mambo mapya ya intaneti. Mimi kabla ya kuolewa nilisoma kompyuta Kigoma mjini. Bosi wao aliposikia, akaniomba niwe nachapa na kupokea barua zao. Mume wangu akakubali kwa sharti moja: nisikae ofisini na wanaume, kazi nifanyie chumbani kwangu. Bosi akasema hakuna tabu, akaleta visanduku viwili vya kuchomeka kwenye soketi. Kimoja kinakaa ofisini, kimoja kwangu, na barua zinapita ndani ya nyaya hizihizi za taa. Nilifurahi jamani. Nina kazi yangu, na mwanangu yuko pembeni yangu.

Kuvitengeneza nikaachiwa mimi, na hapo ndipo mateso yalipoanza. Unaweka disketi, unakipa kila kisanduku jina lake, halafu vyote viwili unavipa neno la siri moja ili vitambuane. Vikitambuana, taa inakuwa ya kijani. Nikivichomeka vyote ofisini, kijani. Nikileta changu chumbani, nyekundu. Nafuta, naanza upya, nabadili neno la siri, nabadili soketi, nyekundu! Kijitabu cha maelekezo nilikisoma mpaka kikalegea. Kimeandika vinafanya kazi ndani ya jengo moja. Sasa sisi si jengo moja? Bati si moja? Nililia kwa hasira mbele ya kompyuta. Bosi akaanza kuniuliza, kwa ule upole unaoudhi, kama kweli nilimaliza kozi. Jirani naye akaja na yake: "Yemwe, jamani, kikiwa kwake kinawaka, kikija kwako kinakufa, na bado huelewi? Mwenzako amekufanyia kitu." Na mimi kwa kuchoka kwangu nikaacha hata kumsalimia bi mkubwa.

Halafu mchana mmoja mafuta yakaisha kwenye jenereta ya bi mkubwa. Ofisini feni zikasimama, watu wakatoka nje kupunga upepo. Kwangu redio inaendelea kuimba. Nilisimama mlangoni nikajiona mjinga wa mwisho. Nyaya zake na zangu hazigusani popote. Hizo barua zingepitia wapi?

Wakati wa chakula nikamweleza mume wangu kwamba dawa ni ndogo tu: waya mmoja wa soketi kutoka upande wa bi mkubwa, upite darini, ushuke chumbani kwangu.

"Umeme wa mwenzako hauvuki ule ukuta," akasema. "Leo waya, kesho unamlia mafuta yake."

Nikamwambia mafuta nitachangia.

"Halafu wewe una kazi, yeye hana. Hapo usawa uko wapi? Nikikuta waya umevuka, nawarudisha kwenu wote wawili, nisionekane nimependelea."

Nilitamani kumrushia sahani. Yaani kwa sababu mwenzangu hakusoma kompyuta, na mimi nisahau niliyosoma! Na bosi ameshasema, mwisho wa mwezi ikiwa bado nyekundu, visanduku na kazi vinahamia ofisi yao ya Kibondo.

Mume wangu akasafiri kwenda Dar kufuata mzigo. Asubuhi yake bi mkubwa akabisha hodi, amebeba waya mrefu umeviringishwa, ameufunika na khanga. "Mwakeye, mdogo wangu," akanisalimia yeye kwanza, nikaona aibu. "Nimesikia yote. Ukuta wenyewe mwembamba."

"Dada, si umesikia na hilo la kuturudisha kwetu?"

"Nimesikia. Akiturudisha wote atapika mwenyewe, sufuria mbili." Akakaa kitandani kwangu. "Tangu uje ananiletea khanga nyekundu kwa sababu na wewe amekuletea nyekundu. Mimi nyekundu siipendi. Hajawahi kuniuliza. Wewe chomeka."

Tukaupitisha darini, mimi juu ya meza, yeye ananishikia miguu. Nikachomeka mara moja tu. Kijani! Tulipiga kelele kama watoto. Halafu hofu ikanishika, nikachomoa.

Mimi nikirudishwa, Kitanga wazazi wapo, watanipokea. Bi mkubwa ana watoto watano na wazazi wake walishafariki, hana pa kwenda. Anajifanya haogopi, lakini usiku namsikia anavyotembea chumbani. Nikiacha, kazi inakwenda Kibondo, na mimi nitabaki hapa napewa kila kitu sawa na mwenzangu mpaka nizeeke.

Nishaurini, nifanye nini? Hivi ninavyoandika bi mkubwa anagonga ukuta kuniuliza kama nimeshachomeka, na sijui nimjibu nini.