Damu ya Ulimi

Mwaka wa mvua za El Nino, dada yangu mkubwa alikuja Garissa kuchukua dawa zake za kifafa, maji yakamfungia kwangu. Barabara ya kurudi kwake Kotile, upande wa Ijara, ilikuwa imezama. Kule Ijara mbuzi waliharibu mimba kundi zima, na watu walisemekana kutokwa na damu puani na mdomoni hadi kufa. Wengine walisema ni mbu, wengine nyama. Jirani yangu, mama tuliyegawana naye maziwa kila asubuhi, aliniambia ni kitu kilichomwagwa na ndege. Sikumwamini, lakini tangu hapo ndege ikipita nilifunika mtungi.

Dada alikuwa akianguka tangu utotoni. Vidonge vyeupe vya hospitali ndivyo vilivyomtuliza. Sasa nesi aliyevitoa alihamishiwa kwa wagonjwa wa homa ile, na chumba chake kikatiwa kufuli. Niliambiwa nirudi mambo yakitulia. Vidonge vilipokwisha nilikwenda duka la dawa karibu na soko la mifugo. Mwenye duka akanipa vya manjano, amevifunga kwenye kipande cha gazeti.

"Ni vile vile," alisema bila kuniangalia.

"Vile vilikuwa vyeupe."

"Kiwanda kingine, mama."

Nyumbani nilivunja kimoja, nikakinusa. Nikamwambia dada asivimeze kwanza.

"Wewe unaogopa dawa, walaal, ndugu yangu," alisema. "Mimi naogopa kukaa bila dawa."

Hata hivyo hakuvimeza.

Akaanguka uani, akifua. Nilimgeuza ubavu kama tulivyozoea, lakini safari hii aliuma ulimi vibaya. Damu ilichanganyika na povu, ikamwagikia mtandio. Jirani alichungulia juu ya ua.

"Ni ule ugonjwa," alisema.

"Ni kifafa. Unamjua huyu."

"Namjua. Lakini ametoka Ijara."

Akawaita watoto wake ndani na kufunga mlango.

Kabla fahamu hazijamrudia vizuri, dada alianguka tena. Nikampangusa uso na kumsimamisha mwenye mkokoteni wa punda. Aliuliza mgonjwa ana nini. Nikasema ameteleza kwenye tope. Alimtazama, akanitazama, na njia nzima alitembea mbele kabisa, kamba ya punda mkononi, bila kugeuka.

Langoni mwa hospitali, askari alikuwa amejifunga kitambaa puani.

"Anatoka wapi?"

"Hapa hapa mjini."

Dada akafumbua macho. "Kotile," alisema.

Askari alirudi nyuma. Wakaja watu wawili wenye glavu, wakampeleka kwenye hema la wagonjwa wa homa, nami nikaachwa nje ya uzio. Niliwaza kwamba ataingia na kifafa na kutoka na homa, au asitoke. Kila aliyepita na kikombe nilimfuata kwa macho nijue anampa nani.

Daktari mgeni alipotokea nilimwita. Nilimwambia ni kifafa, amfungue mdomo autazame ulimi.

"Amekula nyama ya mnyama aliyekufa?"

"Hapana."

"Kila mtu hapa huniambia hapana."

Hata hivyo aliingia. Baada ya swala ya adhuhuri alitoka.

"Hana homa. Ulimi una alama za meno," alisema. "Lakini atalala hapa, nimtazame."

Nilimwonyesha vile vya manjano. Alikigeuzageuza kidonge kimoja.

"Huenda ndiyo dawa yenyewe. Huenda siyo. Sina cha kupimia."

Akanitafutia vyeupe kutoka wodini. Dada alimeza cha kwanza mbele yangu, ng'ambo ya uzio, na kesho yake wakamruhusu. Ile homa haikumpata.

Tulipofika nyumbani, jirani alikuja kumpa pole. Walishikana mikono, wakaulizana hali kwa upole. Alipogeuka kuondoka, dada alimwona akisugua kiganja kwenye ukuta wa udongo, taratibu, kama mtu anayejikuna.

Barabara ilipokauka alipanda lori akarudi kwake. Vidonge vilipatikana tena, na kwa miaka mingi hakuanguka. Ila hata leo, akishapeana mkono na mtu, haangalii uso. Anaufuata ule mkono aone unakwenda wapi.