Wiki Aliyoitabiri Athol

Jumapili mchana, nyumbani kwa Athol McSkimming, hata kijiko hakikuruhusiwa kugonga sahani. Redio ilikuwa ikitoa utabiri wa hali ya hewa ya wiki inayokuja kwa mkoa wetu wa Otago, na mzee aliinamisha sikio lake la kulia, lile zima. Ikiisha tu, simu zilianza kuita. Kila nyumba ya bonde letu la Maniototo ilikuwa na redio, lakini watu walitaka kuisikia wiki kutoka kinywani mwa Athol.

Mimi ni jirani yake wa ng'ambo ya mto, na nitasema wazi kwamba kichwa chake tulikivimbisha sisi wenyewe. Redio ikisema theluji Jumatano, yeye alisema kwetu ni Alhamisi, milima itaizuia kwanza, na kweli ikafika Alhamisi. Miaka nenda miaka rudi. Mkewe, Ngaire, ndiye pekee aliyemtania. Alisema mumewe akikohoa tunadhani ni radi.

Isla Dunnet, mjane wa shamba la juu kilimani, alimwamini kuliko sote. Wanawe wa mjini Dunedin walikuwa wakimsukuma auze. Aliwajibu kwamba kondoo wake wakizaa vizuri mwaka ule atabaki, wasipozaa atahama. Basi ukafika mwezi wa saba, katikati ya majira yetu ya baridi, wakati kondoo wenye mimba hukatwa manyoya, na kundi la wakataji la Tamati Kopua lilipangiwa kwake Jumanne. Akiikosa siku hiyo, wasingerudi mpaka wakati wa kuzaa umekaribia. Na Jumapili redio ikasema upepo wa kusini, na theluji Alhamisi.

Isla alikuja mwenyewe, na mabuti yake ya matope. Aliuliza akate au angoje, na akikata, je, Tamati afunge kwenye mashine yake vile vitana vinene vinavyomwachia kondoo sufu ya kutosha mgongoni.

"Kata bila wasiwasi," Athol alisema. "Hii haifiki kwako kabla ya Ijumaa jioni. Na vitana vinene vya nini? Sufu yote hiyo uiache mgongoni bure?"

"Una hakika?"

"Jirani, lini nimekudanganya?"

Ngaire alimwambia amwache mama wa watu aifuate redio. Athol akacheka. Na mimi nilicheka, nilikuwa hapo hapo nakunywa chai yao.

Kondoo wakakatwa Jumanne, karibu kabisa na ngozi. Jumatano alasiri upepo ukageuka. Ilianza mvua, ikafuata theluji, na barabara ya kilimani ikafungwa kabla hatujawasha trekta. Tulipofika kesho yake, kondoo walikuwa wameukimbia upepo mpaka kwenye uzio wa chini, wakapandana pale kwenye kona. Waliokuwa wakipumua walikuwa wachache sana.

Athol alivuta mizoga siku nzima bila glavu. Hakuna aliyemlaumu. Tulisema hata redio ilikosea kwa siku moja, na tulisema kwa sauti ili asikie. Ilikuwa faraja ya bure, maana angeacha wakatwe kwa vitana vinene wengi wangepona, na yeye alilijua hilo kuliko sisi. Jioni Isla alimletea chai pale kwenye uzio. Athol alianza kuomba radhi.

"Sikukutaka uishinde redio," Isla alimwambia taratibu. "Ungesema tu hujui, Athol. Ningewaachia sufu yao."

Mwezi wa tisa aliuza shamba. Siku ya kuhama tulikwenda kumpakilia vyombo, majirani wote isipokuwa Athol, ambaye Ngaire alisema ana mafua. Isla alipoteremka na gari alisimama kwenye geti la akina Athol, akapiga honi mara moja, akazima injini. Alikaa pale muda mrefu mpaka sisi tuliomfuata nyuma tukaanza kuona haya. Kisha akaondoka.

Mwaka jana tulipata habari kwamba Isla amefariki huko Dunedin. Nilikwenda kumwambia Athol. Aliikazia macho barabara.

"Siku ile getini alitabasamu, unajua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya pazia. Aliniona, akatabasamu, akanisubiri. Na mimi nikalivuta pazia."