Wanafunzi Themanini na Nane Sebuleni Kwangu

Jamani, aibu hii nilipanga kuzikwa nayo, lakini kwa kuwa binti yangu Tekla ameshaitangaza mtaa mzima wa Bombambili, bora muisikie kwangu mwenyewe.

Tekla alivunjika paja, akakaa na plasta miezi kadhaa, na mimi fundi cherehani nisiyejua kunyamaza nikamwambia mwalimu mkuu kwamba nitamfundisha nyumbani. Akakubali, ila akasema sheria inataka mtoto awe darasani, kwa hiyo afisa elimu kata atakuja kukagua, na asiporidhika Tekla anarudia darasa la tatu. Mtoto alilia kuliko siku ile ya kuvunjika.

Nikasikia wakaguzi hutaka andalio la somo (ile karatasi mwalimu anayopangia kipindi chake), nikaazima la jirani yetu mama Aneth, mwalimu wa kweli kabisa, nikalinakili lote kwa mwandiko wangu mzuri, na kichwani sikuingiza hata neno.

Afisa akaja, mama mmoja wa makamo, akaitikia shikamoo ya Tekla, akasoma, akavua miwani.

"Baba Tekla, umeandika waliohudhuria leo ni themanini na nane. Wako wapi?"

Ningesema ukweli yangeishia hapo, lakini mimi nikajibu, "Wapo mapumziko, madam." (Nje kulikuwa na kuku watatu.)

"Na hawa wanane ambao hawakuelewa hesabu za sehemu? Kwani umeshafundisha?"

Tekla akaangua kicheko. "Baba, umenakili mpaka tathmini ya mama Aneth!"

Nilitamani ardhi ipasuke. Madam akaachana na mimi, akamuuliza Tekla robo tatu ya mita moja na nusu ni sentimita ngapi. Mtoto hakugusa kalamu, alivuta tu ile futi ya kushonea, ya mita moja na nusu kamili, iliyokuwa shingoni mwangu, akaikunja, akaikunja tena.

"Mia moja kumi na mbili na nusu. Ila hiyo haikutoshi sketi, madam, labda ya mwanao."

Nikafumba macho. Nikasikia madam anacheka, cheko la tumboni kabisa, na nilipofumbua alikuwa anaandika kwenye daftari lake: anaendelea darasa la nne. Nilivimba kichwa wiki nzima, nakiri, maana hesabu ile nilimfundisha mimi, kwa futi ile ile.

Andalio la mtu sinakili tena. Sasa naandika langu: waliosajiliwa, mmoja, waliohudhuria, mmoja, walioelewa, mmoja, na mwalimu wake anajitahidi.