Kufungiwa Lango Kasrini

Jumatano niliondoka mjini Brooklyn Center, nimeomba likizo kule ninakohudumia wazee. Mwanangu Kamau alikuwa anaoa Ujerumani, nami sikuwa na raha. Kijana wangu wa pekee kuoa kama mtu asiye na kwao! Hakuna nyimbo, hakuna chochote chetu. Tulisafiri wawili tu, mimi na dada yangu Wairimu, mtu anayecheka hata matangani.

Ijumaa asubuhi, baada ya ndege na gari moshi, Kamau alitupeleka kasrini. Ni jumba la kale la mawe, limezungukwa na handaki pana lenye maji ya kijani na bata. Zamani maji yale yalizuia maadui. Siku hizi jumba lenyewe ni ofisi za mji: ghorofani maktaba, chini ndiko ndoa zinakosajiliwa.

Lango lilikuwa wazi. Karani akatupungia mkono tuingie. Miguu yangu ikagoma katikati ya daraja la kuvukia handaki.

"Mum, twende. Tume-book saa tano, na hawa watu wako strict na time."

"Kwetu hatujiingilii tu," nikamwambia. "Upande wa bwana harusi hufungiwa nje, uimbe mpaka wenye binti waridhike."

"Mum, hii ni ofisi!"

"Mwache," Wairimu akasema, na safari hii hakucheka.

Nikalia pale pale, bila aibu, mbele ya bata.

Mama wa bibi harusi, Mama Anke, akatoka kuuliza kama tumeghairi. Kamau akamweleza kwa Kijerumani, uso ameukunja. Mama yule akanitazama, akalitazama lango, akarudi ndani. Nikajua nimeharibu. Mara tukamwona yeye na karani wakiusukuma ule mlango mzito, bawaba zikilia, mpaka ukafungika.

Wairimu akaanzisha wimbo, nikaitikia. Kamau aliacha kuangalia saa, akapiga makofi. Tulipomaliza, sauti ya Mama Anke ikasikika nyuma ya mlango.

"Anasemaje?" nikauliza.

Kamau alikuwa anapangusa macho. "Anasema hajaridhika. Mrudie."

Tukarudia, kwa nguvu zaidi. Ndoa ilichelewa robo saa, na karani hakulalamika.

Jumatatu nilikuwa kazini tena. Wenzangu kanisani wananiuliza kasri lilikuwaje ndani, nami sikumbuki sana. Nilikwenda nikiamini nampoteza mwanangu. Kumbe amepata mama mkwe wa kutufungia mlango.